Nambari Nane Alikuwa Kivuli

Shangazi alikuja kwetu Murangi kutoka Musoma mjini na nusu mche wa sabuni, na miaka ile nusu mche ilikuwa zawadi ya kumfanya mama akae chini kwanza. Aliifunga kwa ukurasa wa gazeti la Ulaya. Sabuni iliisha kabla ya mwezi. Ukurasa niliuficha chini ya mkeka wetu, ukaendelea kunukia.

Lilikuwa tangazo la wanasesere, watu wa anga waliopangwa mstari na kofia zao za mviringo, kila mmoja na nambari chini ya miguu. Saba walionekana vizuri. Wa nane alikuwa kivuli cheusi tu chenye alama ya kuuliza. Dada yangu, aliyenizidi miaka minne, alisema wino uliwaishia, kama sukari ilivyotuishia sisi. Mimi nilikataa. Nilikuwa mtoto mwenye amri nyingi kuliko kimo, nikamwambia, "Wamemficha makusudi. Wanataka watu wamngoje."

Nyuma ya nyumba kulikuwa na gunia la malapa mabovu, mengine ya mguu mmoja, mengine yasiyo na kamba. Dada alikuwa na mikono. Kwa kisu cha samaki alichonga rubani mwekundu, daktari mweupe, fundi wa injini wa kijani, watu kimo cha kidole gumba. Mimi nilipanga. Nambari nilizichoma kwa ncha ya msumari wa moto. Nilikata shauri kila nambari iwe na watu watano tu, na nambari moja itoke kila Jumamosi, hata kama dada amemaliza tatu. Watoto walikuja na kiazi, na shanga, na karatasi safi ya daftari, wakaondoka na mtu wao. Aliyekosa daktari alilia wiki nzima, nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Wote walitaka kujua nambari nane ni nani. Nikasema ni nahodha, ni wa bluu, na atakuwa mmoja tu.

Bluu haikuwamo guniani. Wakati bado tunaitafuta, baba alirudi na wavu.

Baba alikuwa akivua kwenye mtumbwi wa mtu mwingine kwa nyavu za mtu mwingine. Jina lake lilikaa kwenye orodha ya nyavu ya duka la ushirika muda mrefu hadi mama akaacha kuliulizia. Siku hiyo aliingia uani na wavu wake mwenyewe begani, mpya, na sijawahi kumwona mtu mzima akitabasamu vile. Akaenda nyuma ya nyumba kuchukua gunia. Ndani mlikuwa na kamba za malapa na vumbi la rangi.

"Mlikuwaga mnafanya nini humu?" akauliza.

Dada akamwonyesha rubani.

"Haya malapa nimekusanya tangu mwaka juzi," alisema polepole. "Mengine nimetoa Mugeta, nikabadilisha na dagaa. Ndiyo maboya. Sasa wavu utaelea na nini? Utalala tu chini."

Kwamba malapa hukatwa maboya tulijua, mtoto gani wa ziwani asijue. Hatukujua tu kwamba baba naye alikuwa na mpango wake. Kama angetupiga ningeelewa. Yeye alikaa chini, juu ya wavu wake mpya. Mwenye mtumbwi alikuwa ameshampa mtu mwingine nafasi ya baba.

Nikamwambia dada, "Tunawarudisha wote."

Nilipita nyumba kwa nyumba. "Baba amepata wavu," niliwaambia. "Anaomba watu wa nyota wakamfanyie kazi ziwani." Wengine walitoa upesi. Msichana mmoja alimkumbatia daktari wake akaniuliza, "Na nahodha?"

"Jumapili, kanisani," nikajibu, na uongo ulinitoka laini kabisa. Baba alikuwa amesimama njiani nyuma yangu akiningoja.

Walirudi thelathini na wanne. Wa thelathini na tano alitafunwa na mbuzi. Baba aliwafunga viunoni, mmoja mmoja, kwenye kamba ya juu ya wavu, na tukaenda wote kutazama. Wavu ukazama kidogo, kisha vichwa vikatokea majini, vyekundu, vyeupe, vya kijani. Mama alicheka hadi akajishika mbavu. Tangu hapo baba, mtu asiyekuwa na maneno, alirudi kila asubuhi na sato na taarifa. "Rubani anafanya kazi. Fundi huyo mvivu, amekunywa maji."

Jumapili nilijifanya naumwa tumbo. Baba akaniita nje, akanifungua kiganja. Aliniwekea mtu wa bluu, kichwa kikubwa, mkono mmoja mfupi kuliko mwingine, mbaya wa sura. Nikatazama miguu ya baba. Alikuwa na malapa ya bluu ya kwendea kanisani, jozi pekee, na sasa alikuwa peku.

"Umeahidi watoto wa watu, mama," alisema. "Twende."

Tulikwenda tumeshikana mikono, yeye akikwepa mawe. Kanisani sikuweza kuimba. Nilimpenda mno. Nahodha nilimpa yule msichana wa daktari, naye akampitisha, kila nyumba wiki moja, hadi akapotelea kwa watu.

Miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, ilinikuta nafanya kazi Bunda. Kule Manyamanyama maduka yalijaa, na siku moja niliona watu wa anga wa plastiki wakining'inia katika pakiti, wakiwa na kofia zilezile za mviringo. Nilimgeuza mmoja kutafuta nambari. Kisha nikamrudisha, nikanunua malapa ya bluu saizi ya baba, nikampelekea.

Aliyapokea kwa mikono miwili, akayaweka chini ya kitanda, akisema ni ya Jumapili. Nilipokwenda tena niliyakuta mlangoni, nikayainua kuyafuta vumbi. Chini ya kisigino, kwa msumari wa moto, baba alikuwa amechoma nane.