Sweta ya Chibago

Usiku ule wa kuamkia Jumamosi, mwezi wa saba, Mafinga ilikuwa na baridi ya kuuma masikio. Chibago tulikuwa tumemzika mwezi wa tano. Alikuwa fundi wangu wa magari na mtani wangu, yeye Mgogo, mimi Mhehe. Miaka yote aliyokaa kwetu hakuizoea baridi. Hata jua la saa saba mchana lilimkuta ndani ya sweta yake ya kijani. Siku ya msiba niliikamata ile sweta, kama watani tunavyofanya, nikatangaza kwamba anayeitaka aje aikomboe kwa pesa. Watu walicheka. Hakuna aliyekuja, nami sikudai. Niliitundika nyuma ya kiti cha pikapu yangu, ile ninayobebea maziwa ya wafugaji.

Na pikapu yenyewe ilikuwa imeanza kunywa mafuta kupita kiasi. Nilibadilisha plagi, nikasafisha chujio la hewa, ikaendelea kunywa. Kazi ya maziwa ikawa hailipi tena. Jumamosi hiyo mchana alikuwa anakuja mtu kuinunua. Nililala nikiwaza nitaishije bila gari.

Nikajiona niko nyuma ya nyumba ya mama yangu. Hapajawahi kuwa na gereji pale, lakini sasa ni gereji, na jua linawaka. Chibago anatokea upande wa zizi, amevaa fulana nyepesi, anatembea polepole kama mtu aliyetoka kula. Sioni ajabu yoyote.

"Mhehe, bado upo? Nilidhani baridi yenu imekumaliza."

"Inaua Wagogo tu," namjibu.

Anacheka mpaka anashika magoti. Halafu ananitazama vizuri.

"Nimekuja kukomboa sweta yangu."

"Umekuja na nini?"

"Fungua boneti."

Nafungua, na hatupo tena kwa mama. Tuko juu barabarani, kwenye misonobari, gari linanguruma bila mtu ndani. Injini imevaa sweta ya kijani, imefungwa vifungo mpaka juu. Naigusa, inaniunguza. Moshi unaotoka nyuma ni mweusi, unanuka petroli.

"Huyu ni Mgogo mwenzangu," anasema Chibago, akiipapasa injini. "Mchana kweupe, yeye anaamini bado ni alfajiri ya Mafinga. Lazima anywe."

Anafungua vifungo taratibu. Chini ya kile cha mwisho, karibu na bomba la maji, pana kidude cha shaba chenye nyaya mbili. Anakigonga kwa ukucha.

"Huyu ndiye anayemdanganya."

Nataka kumuuliza kama aliumia sana siku zile za mwisho. Kabla sijafungua mdomo ananitupia sweta begani. Ina joto.

"Mpelekee mke wangu. Mwambie nimelipa."

Niliamka nikicheka. Mke wangu alikuwa ameketi kitandani, ananitazama.

"Toka msiba sijakusikia ukicheka," akasema.

Sidai kwamba wafu wanafundisha ufundi. Nasimulia nilichokiona. Asubuhi nilimpitia Neema, fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta za magari, nikamwomba aanzie karibu na bomba la maji. Tuliliacha gari lingurume mpaka injini ikawa haishikiki kwa mkono. Mashine yake ikaonyesha kwamba maji ni ya baridi.

"Sensa ya joto imekufa," akasema Neema, akigusa kidude cha shaba chenye nyaya mbili. "Kompyuta inadhani injini haijapata moto, ndiyo maana inazidisha mafuta. Nani alikuambia tuanzie hapa?"

"Chibago."

"Marehemu?"

"Marehemu."

Akachukua spana, akaanza kuifungua ile sensa. Tulipoweka sensa nyingine, moshi mweusi ukakatika. Nikampigia simu yule mnunuzi nikamwambia asije, gari haliuzwi.

Jumatatu nilizunguka kwa wafugaji wote nikarudi na mafuta kwenye tangi. Nikapitia kwa mjane wa Chibago. Alikuwa anaanika mahindi uani. Nikampa sweta, imekunjwa.

"Shemeji, hii imekombolewa."

"Nani kaikomboa?"

"Mwenyewe."

Aliipeleka puani, akafumba macho.

"Umeinukisha maziwa, Mhehe wewe," akasema, akicheka huku machozi yanamtoka. Akaivaa palepale, juani, akafunga vifungo mpaka juu.