Chai ya Gesi ya Mavi

Juzi mgeni wangu hapa kijijini kwetu Kwanza alinusa chai kabla ya kuinywa. Nilicheka. Mimi niliyeishia darasa la tano nina mtambo wangu wa gesi ya mavi ya ng'ombe, na wenye digrii bado wananunua makaa.

Nikiwa mtoto, Baba alipojenga mtambo wetu wa kwanza baada ya mafunzo ya wakulima kule Mabanga, nyanya alisukuma kikombe chake cha chai kando. "Si ni choo hiyo, mwanangu?"

Moto ulikuwa wa buluu, bila moshi. Mimi niliamini mavi yalipanda na bomba hadi kwenye sufuria.

"Mama, ukikataa tunarudi kukata miti," Baba alimwambia.

"Mtoto aonje kwanza."

Nilifunga pua, nikamaliza. Nyanya alininusa mdomo mara mbili, kisha akavuta kikombe chake.