Leo mimi ndiye niliyeingia ndani ya sumaku

Leo nimefinya kile kimpira cha kuitia msaada ndani ya mashine ya MRI, na picha ikaharibika.

Mimi! Mwalimu wa kemia niliyezeeka nikiweka maji ya sabuni kwenye neli za kioo na kuzishusha ndani ya sumaku ya NMR, mashine ya kuchunguza molekuli. Mashine hizi mbili ni ndugu.

Dada anayeendesha mashine ya MRI alinieleza polepole: "Mzee, ni sumaku tu. Usitingishike."

Nikamwambia naijua. Hata nikampa somo: sabuni ikiwa kidogo majini, kila molekuli hukaa peke yake. Ukiongeza, hukusanyika kuwa vijidonge vidogo sana, miseli, zikificha ndani mikia yao isiyopenda maji. Sumaku ndiyo iliyotuonyesha hayo.

Akacheka. "Haya Profesa, ingia basi."

Kelele zikaanza. Nikafinya.

Binti yangu Mmbone akaja mbio. "Baba, si ulituambia hauogopi kufa?"

Kweli nilisema. Niliwaita nyote nyumbani Matungu, nikawaonyesha mahali pa kunizika, nikawakataza kulia.

Ndugu zangu, nilidanganya. Naogopa sana. Mle ndani nilikuwa kama ile sabuni kidogo kwenye maji mengi.

Kesho narudi. Dada yule amekubali mtu mmoja asimame pale anishike mguu. Mmbone atakuwa kazini.

Msiniandikie pole hapa chini.

Andikeni ni nani anakuja.