Shokapu ya Baba Mkwe

Siku yangu ya kwanza kazini Kariakoo, Fundi Mkuu alinikabidhi kitambaa badala ya spana. "Futa," aliniambia. Nikafuta shokapu za mbele za baiskeli za milimani mpaka vidole vikachubuka. Vijana wa leo mnaangalia simu, mnafungua tu. Sisi tulifuta kwanza, maana uchafu ukipita kwenye sili, ule mpira unaozuia oili isitoke, kazi yote bure.

Fundi Mkuu alikuwa mfupi, mkali, na akicheka ujue umeharibu. Alinifundisha kwamba mguu mmoja wa shokapu una upepo wa kumbeba mtu, na mwingine una oili ya kutuliza mdundo. Upepo unajazwa kulingana na uzito wa mwenye baiskeli. "Usijaze kwa ajili yako," alikuwa akinikaripia. "Kwani wewe unaenda nayo wapi?"

Siku moja akaja Mzee Mayai wa Magomeni, msambazaji wa mayai, mtu mwenye mwili wake. Shokapu yake ilikuwa inavuja. Nami nilikuwa nampenda binti yake, Mwanaidi, na mzee alijua.

"Atengeneze huyu," alimwambia Fundi Mkuu. "Halafu aniletee mwenyewe, na trei hizi mbili. Mayai yakifika mazima, tutazungumza mambo yake. Yakivunjika, asinizoee."

Nikafungua, nikaosha, nikaweka sili na oili mpya. Kwenye upepo nikakwama. Mzee ameshaondoka, na nani angethubutu kumuuliza uzito? Nikaazima gunia la mchele duka la jirani, nikalikalisha kwenye siti. Watu wakajaa kutazama gunia likipanda baiskeli. Nikajaza upepo mpaka shokapu ikawa inabonyea kidogo tu, inavyotakiwa.

Nilipopanda mimi, mwembamba kama spoki, haikubonyea kabisa. Ningeweza kupunguza upepo nifike salama, lakini pampu ya Fundi Mkuu haikuwa ikitoka dukani. Ningemkabidhi mzee shokapu iliyolegea. Roho iliniuma, nikaiacha ilivyo. Nilienda polepole hata waenda kwa miguu wakanipita, lakini mashimo ya Jangwani yalinimaliza. Nilifika Magomeni ute wa mayai unachuruzika mpaka kwenye viatu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umenitengenezea shokapu au mchi?"

"Upepo ni wa uzito wako, mzee. Mimi ni mwepesi."

"Uzito wangu umeujuaje?"

"Nilipima kwa gunia la mchele."

Ndani, Mwanaidi akaangua kicheko. Mzee hakucheka. Alipanda na mayai yaliyosalia, akaenda Jangwani na kurudi. Tukayakagua pamoja. Hakuna lililopata ufa.

"Ungepunguza upepo, ungefika nayo mazima," akasema.

"Baiskeli ni yako, mzee."

"Waambie wazee wako waje. Na ufute huo ute."

Baadaye niliitwa Fundi Mkuu mimi pia, nikawakabidhi wengine vitambaa. Sasa nimestaafu, magoti yamekataa kuchuchumaa. Nimebakiwa na baiskeli moja tu, ya marehemu mkwe wangu. Juzi nilibadilisha sili, nikajaza upepo uleule wake, nikaenda kununua trei ya mayai. Nikarudi nayo mazima. Kwa furaha nikamwita Mwanaidi aone.

Hakuyaangalia mayai. Aliliangalia tumbo langu.

"Gunia limefika," akasema, akaenda kukaanga.