Faili Lililofika Kabla ya Kutumwa

Shemeji yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, ana tabia moja inayokera: haamini taa. Hospitali yetu ina majengo mawili, moja mjini anakofanya kazi yeye, jingine ng'ambo ya mlima nilipo mimi, na picha za wagonjwa hunakiliwa kutoka seva yake, kompyuta kuu ya kuhifadhi, kuja seva yangu. Ukurasa wa uangalizi ukionyesha taa ya kijani, mtu wa kawaida anakunywa chai yake. Yeye wapi! Alianza kama karani wa kupiga chapa, akajifundisha seva kwa vitabu vya kuazima, na mpaka leo kila Ijumaa anavaa sweta, anaingia kwenye kile chumba cha seva chenye baridi kali na kuhesabu faili za pande zote mbili mwenyewe. Tulimcheka sana, na mimi ndiye niliyekuwa kinara.

Ijumaa moja simu yangu iliita saa tatu na robo asubuhi.

"Shemeji, hujambo?"

"Sijambo, shemeji. Umeshaanza kuhesabu?"

"Nimemaliza. Kwangu kuna picha mia nne na kumi ambazo kwako hazipo."

"Haiwezekani bwana! Ukurasa ni kijani tupu."

"Ndicho kinachoniudhi," alisema. Hakupandisha sauti, huwa hapandishi. Akaniambia nifungue faili la majaribio. Hilo ni faili dogo ambalo seva yake huitumia seva yangu kila baada ya dakika kumi. Likionekana kwangu, taa inakuwa kijani. "Nisomee, limefika saa ngapi?"

"Saa tatu na dakika nane."

"Kwangu limetoka saa tatu na dakika kumi. Haya, niambie wewe mtaalamu, limefikaje kabla halijatumwa?"

Jamani, nilijua! Miezi miwili nyuma, umeme ulipokuwa unakatika ovyo, taa nyekundu ziliwaka kila saa na bosi akanipigia kelele kila saa. Nikachoka. Nikaiagiza seva yangu ijiandikie faili hilo yenyewe. Kijani ikawa ya kudumu, nami nikasahau kabisa kama niliwahi kufanya upuuzi ule.

"Ni mimi," nilisema. "Faili hilo ni la uongo."

Nilitegemea matusi. Akaniuliza swali moja tu: "Nani anapasuliwa huko leo?"

Asubuhi ile daktari wa upasuaji alikuwa ameniuliza kama picha zote za mjini zimeingia. Nikamjibu kwa mbwembwe, "Zote, daktari!" Akasema basi iliyo juu kabisa kwenye skrini ndiyo mpya, na kwa hiyo hiyo atamtoa dereva wa lori jiwe la figo. Nikamweleza shemeji yote hayo.

"Picha yake ya juzi ninayo hapa," shemeji alisema. "Lifute hilo faili lako, kisha kimbia. Njia ya picha niachie mimi. Na usimtume mtu, nenda mwenyewe. Usikate simu."

Nilipanda ngazi mbilimbili. Dereva alikuwa ameshalazwa, kofia ya plastiki kichwani, sindano ya usingizi iko tayari.

"Daktari, subiri!" nilisema nikihema mlangoni. "Picha uliyoitazama ni ya zamani."

Alinitazama kama anayetaka kunipasua mimi.

Huko mjini shemeji alikuwa ameshagundua kwamba neno la siri la akaunti inayobeba picha liliisha muda wake siku tano zilizopita. Akaweka jipya, akaitanguliza picha ya dereva mbele ya nyingine zote. Dakika sita tu! Yule mwanamke namvulia kofia. Daktari aliifungua picha kwenye skrini ya ukutani, akaikuza, akaigeuza huku na huku, kisha akavua glavu zake.

"Jiwe halipo," alisema. "Limeshatoka lenyewe."

Dereva alijiinua kwa kiwiko. "Kwa hiyo mlikuwa mnanipasua bure?"

Daktari alinigeukia mimi, na wauguzi wote wakanigeukia.

"Ndiyo," nilimwambia dereva. "Kosa ni langu. Nilidanganya kwamba picha zinafika ili nisisumbuliwe na simu."

Shemeji alikuwa bado yuko hewani. Alisubiri mpaka aliponisikia nimeyasema yote, ndipo akakata simu.