Alijifunza kuvuta sigara ili aruhusiwe kwenda chooni

Saa nne kasoro asubuhi, ndani ya ukumbi wa kushonea mashati, tumbo la Mama Kola linaanza kusokota. Mguu wake hautoki kwenye pedali ya cherehani. Kola inaingia chini ya sindano, inageuzwa, inatoka, inaingia nyingine. Kijasho chembamba kinamtoka, na si cha joto.

Anageuza shingo kutazama msumari ulioko ukutani, nyuma ya meza ya msimamizi. Msumari uko mtupu.

Hapo ndipo kinapotundikwa kibao cha choo, kipande cha mbao chenye kamba. Laini nzima, watu arobaini, kibao kimoja. Asiyekuwa nacho mkononi haruhusiwi kutoka, na aliyekichukua ndiyo kwanza amepita mlangoni.

Mama Kola anapapasa mfuko wa aproni, anatoa sigara, anaibana midomoni na kusimama. Msimamizi anamwona. Anamwonyesha mlango kwa kidevu, naye anatoka.

Ndiyo, msomaji, umesoma sawasawa. Katika kiwanda hiki mwenye haja anasubiri kibao, mwenye hamu ya sigara anatoka zake. Msimamizi ni mvutaji, aliyemtangulia naye alikuwa mvutaji, na mambo yamekwenda hivyo mpaka yameonekana ya kawaida. Kona ya wavutaji iko uani, na vyoo viko hapohapo.

"Kwetu hakuna anayevuta," anasema Mama Kola, jina alilopewa na wenzake kwa sababu katika miaka tisa hajashona kitu kingine. "Marehemu mama angeniona na hii kitu mdomoni, angenichapa mbele za watu."

Tumbo lilianza kumsumbua kabla ya sigara. Lilikuwa likijaa gesi na kusokota, wiki hii anaharisha, wiki ijayo hapati choo kabisa. Siku moja alisubiri kibao hadi yakamkuta ya kumkuta, palepale kwenye kiti. Akaenda nyumbani kubadilisha nguo, na msimamizi akamkata mshahara wa nusu siku.

"Nililia njia nzima," anasema. "Mtu mzima, mama wa watoto watatu, nimejichafua kama mtoto mchanga. Halafu nikatwe na pesa juu!"

Aliyempa akili ni shoga yake wa cherehani ya pembeni, mshona mikono ya mashati.

"Nilimwambia, dada, unateseka nini? Shika sigara, mlango uko wazi," anasimulia shoga huyo. "Nilidhani namsaidia. Mungu anisamehe."

Mama Kola akajifunza. Siku za mwanzo alikohoa mpaka wenzake wakamcheka. Alikuwa akivuta haraka haraka ili asionekane mwongo, kisha anakimbilia chooni. Haikupita miezi mingi, mwili wenyewe ukaanza kudai. Na tumbo, badala ya kutulia, likazidisha vurugu. Kiungulia kikawa kinampanda hadi kooni. Akivuta asubuhi kabla hajatia kitu mdomoni, utumbo ulianza kusokota hata sigara haijafika nusu.

Mumewe, fundi viti, alishangaa. "Nikamwuliza, mama watoto, huu moshi unautoa wapi? Akaniambia ni ruhusa ya choo. Nikacheka. Yeye hakucheka."

Hatimaye alikwenda zahanati. Vipimo havikuonyesha kidonda wala mdudu. Tabibu akamweleza kwamba utumbo wake ni mwepesi kuchokozeka, na kwamba wasiwasi, kujibana na sigara vyote vinauchokoza.

"Sigara huenda haikuanzisha tatizo," tabibu huyo anasema, akizungumza kwa idhini ya mgonjwa wake. "Lakini nikotini inaweza kuusukuma utumbo ufanye kazi kwa pupa. Pia inalegeza mlango wa juu wa tumbo, ndiyo maana tindikali inapanda. Nikamwambia aache. Akaniuliza, 'Nikiacha, nitatokaje kwenda chooni?'"

Msimamizi yeye haoni ubaya wowote. "Mvutaji ukimzuia mikono inatetemeka, anaharibu kazi," anasema. "Hao wa choo wengi ni wavivu tu." Anayasema hayo akiwa uani, sigara mkononi, kazi ikimsubiri ndani. Loh! Mwenye moshi anahurumiwa, mwenye tumbo anaitwa mvivu!

Mama Kola hajavuta kwa wiki sita sasa. Hazikuwa rahisi, alikuwa mkali nyumbani hadi watoto wakamkwepa. Lakini kiungulia kimepungua, na tumbo, ingawa halijapona, linampa nafasi ya kupumua. Sigara anayotoka nayo ni ileile moja, haijawahi kuona kiberiti. Imepinda, tumbaku inamwagika, ameifunga kwa uzi wa kola.

Juzi msimamizi akashtuka. "Mbona yako haitoi moshi?" akamwuliza mbele ya watu. "Kuanzia Jumatatu nataka kuona moshi. La sivyo, subiri kibao kama wenzako."

Mama Kola alirudi kwenye cherehani yake, akamalizia kola iliyokuwa imebaki chini ya sindano. Jioni, getini, wenzake wa laini walimzunguka wakazungumza, na wakakubaliana.

"Jumatatu sitasubiri kibao, na siwashi," anasema. "Nitakwenda mpaka kwenye ule msumari wake, niitundike hii sigara hapo, nitoke mikono mitupu. Akitaka kunifukuza, anifukuze na wote watakaosimama nyuma yangu."

Shoga yake anadakia kwamba yeye atakuwa wa kwanza kusimama.

Mama Kola anaitazama sigara yake iliyopinda, anairudisha mfukoni, anamgeukia mwandishi. "Sitaki makubwa, mwanangu. Nataka kwenda chooni. Basi."