Wimbo wa Zaina Uliobaki Njia ya Wamaza

Haya yalinipata mimi mwenyewe, sikuyasikia kwa mtu. Usicheke kwanza. Ngoja nimalize, halafu ucheke kama utaweza.

Wakati wa Wabelgiji nilikuwa shofere wa muzungu mmoja wa pamba, kule Kasongo. Alikuwa na motokari ndogo ya mbio, nyekundu, ya watu wawili tu, isiyo na paa. Barabara zetu hazikuitaka. Tumbo lake lilikwaruza kila jiwe. Lakini mahali palipo sawa, ilikuwa inaruka! Redio haikuwamo. Muzungu alipiga mluzi nikimwendesha, akisema motokari ya namna ile bila muziki ni chuma tu.

Mimi nilikuwa na muziki wangu. Mke wangu Zaina, Mbangubangu wa Lusangi, alitunga wimbo wa kumlaza binti yetu Amisa. Halafu Zaina akafa kwa uzazi, na mtoto wa pili akaenda naye. Picha yake sikuwa nayo hata moja. Nilibaki na ule wimbo. Nikiuimba, naisikia sauti yake kabisa. Na niamini, uliingia vizuri katika mlio wa ile injini: kilimani tunapanda nao polepole, tambarare tunakimbia nao.

Basi muzungu akaenda konji, likizo yake, Ulaya, motokari akaiuza kwa mwenzake wa Kabambare. Nikatumwa kuipeleka. Niliimba toka Kasongo. Karibu na kijiji cha Wamaza mvua ilikuwa imenyesha, na jua linashuka, magurudumu yakazama. Nilikata matawi, nikasukuma, wapi!

"Jambo, shofere."

Nikageuka. Alikuwa mwanaume wa umri wangu, shati jeupe, mkononi likembe, kile kinanda kidogo cha vyuma kinachopigwa kwa dole gumba. Hakuvaa viatu, na miguu yake haikuwa na tope. Mimi tope lilinifika magotini. Yeye alipita wapi?

"Jambo, ndugu. Unisaidie."

"Utanipa nini?"

"Sina kitu. Motokari yenyewe iko ya muzungu."

"Unipe ule wimbo ulikuwa unaimba."

Nikacheka. Wewe ungefanya nini? Wimbo unachukuliwaje? Nikamwambia, "Chukua, ndugu yangu."

"Umenipa?"

"Nimekupa."

Akaweka mkono nyuma ya motokari. Mmoja tu. Ikatoka kama kikapu kitupu kinachonyanyuliwa. Nilipogeuka kumshukuru, hapakuwa na mtu. Kwenye tope palikuwa na nyayo zangu peke yake.

Nikaondoka mbio. Woga ulinikamata, nikataka kuimba ili nitulie. Nikafungua kinywa. Hakuna neno, hakuna sauti. Nikazima injini, labda kelele ndiyo inanichanganya. Kimya. Nikajaribu mwanzo, nikajaribu mwisho. Ulikuwa umetoka kichwani mwangu wote.

Motokari niliifikisha Kabambare, nikarudi Kasongo kwa lori, nikaenda moja kwa moja kwa mama mkwe, aliyekuwa anamlea Amisa.

"Amisa, mama yangu, uniimbie ule wimbo wa mama yako."

"Wimbo gani, baba?"

"Ule wa kukulaza."

Akanitazama. "Mama alikuwa anaimba?"

Mama mkwe akasema taratibu, "Mukwe wangu, Zaina hakuimbaka. Mutoto yangu alikuwa mutu wa kimya."

Nililia pale pale mbele ya mama mkwe, jambo ambalo mwanaume wa kwetu hafanyi.

Sauti ya Zaina haikurudi. Watu wanaopita Wamaza wanasema jua likishuka wanasikia likembe porini na mtu anaimba, wimbo mtamu wa kulaza mtoto. Nimekwenda nao mara nyingi. Wananishika mkono: "Sikia! Ndio huo!" Mimi nasikia majani tu. Niliwaomba wanifundishe. Wakaniimbia, nikaona midomo yao inacheza, sikusikia kitu. Amisa sasa ana watoto wake. Anawalaza kimya.

Wewe unayeimba njiani, imba. Lakini mtu usiyemjua akikuomba wimbo wako, hata kwa mchezo, mkatalie. Lala kwenye tope, motokari ioze hapo, muzungu akufukuze kazi. Usimwambie "chukua". Mimi nilimzika Zaina mara ya kwanza na watu wakalia nami. Mara ya pili hakuna anayejua kwamba kulikuwa na msiba.